Unyayo wa Shani Kwenye Karatasi

Tunduma,
24 Septemba 2000

Mpendwa Baba Shani,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Uliondoka mwezi wa saba, na leo wa tisa unakatika. Si kwamba nimekusahau. Mara tatu nimekaa na kalamu na mara tatu Shani ameamka, na huyu akiamka unamjua, nyumba yote ni yake. Alfajiri niko kwenye foleni ya malori na beseni la maandazi, yeye mgongoni. Nikirudi ni kufua, nikimaliza kufua ni unga wa kesho. Tena kuna jambo jingine linanichosha, nilitaka nikuambie kwa mdomo ila masikio yako yako mbali: tuna mgeni njiani. Nilikwisha kumhisi kabla hujaondoka. Sikusema kwa sababu sikutaka uvuke kwenda Nakonde huku moyo umegeuka nyuma. Mkunga anasema mwezi wa tatu.

Sasa habari za watu wako. Tangu walipokusindikiza kwa ngoma hadi geti la mpakani, mji haujatulia. Mzee Raphaeli ametundika ubao mweusi ndani ya mgahawa wake, ule wa shule uliokuwa umevunjika kona. Juu ameandika kwa chaki jina lako la uwanjani, FIMBO, AFRIKA KUSINI, na chini ameacha nafasi ya magoli. Jumapili nilipeleka maandazi nikakuta wanabishana mpaka chai imepoa.

Mwalimu Clement alikuwa anasema, "Huku alifunga ishirini na sita, sawa. Kule mabeki wanakula nyama kila siku. Mpeni manane, tushukuru Mungu."

Mzee Raphaeli karuka juu. "Manane? Wewe Mwalimu umezaliwa Tunduma kweli? Huku Fimbo alifunga kwenye kiwanja cha mawe, mpira unaruka kama panzi! Kule nyasi zimelala kama zulia, mpira wenyewe unakwenda golini kwa adabu. Thelathini!"

"Mzee, hiyo ni timu nzima au mtu mmoja?"

"Ni Fimbo!"

Wakavutana hivyo mpaka wakakubaliana ishirini. Wameyaandika pembeni ya ubao, wakayazungushia duara. Kisha wote wakanigeukia mimi kana kwamba nitakuja kukufungia. "Mama Shani, mwandikie. Ishirini. Asituangushe."

Haya, nimeandika. Lakini mimi mkeo nasema langu: cheza kadiri unavyoweza, kula ushibe, usilale na nguo za jasho.

Shani anatembea sasa, kwa kuyumba kama mzee aliyetoka kilabuni. Ulisema utamtafutia viatu huko. Nimemsimamisha juu ya karatasi hii ya pili nikachora mguu wake wa kulia. Kalamu ilipomtekenya akacheka akavuta mguu, ndiyo maana pale kwenye kidole gumba mstari umekwenda kombo. Usije ukadhani mtoto ana kilema.

Barua anakuja nayo Kefa, yule dereva mwenye jino la dhahabu. Anasema anafika Johannesburg kila baada ya wiki tatu. Majibu mpe huyo huyo.

Wako,
Mama Shani


Johannesburg,
22 Oktoba 2000

Mama Shani,

Kefa aliileta barua mpaka geti la mazoezi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mgeni! Na wewe ukanipikia, ukanifungia mzigo, ukanisindikiza, na kimya. Umeniweza kweli. Jina usimruhusu mtu atoe. Kwetu baba ndiye anayetoa jina la mtoto, nitalituma kwa mkono wangu.

Mguu wa Shani nimeubandika ukutani juu ya kitanda, pembeni ya ile picha yake niliyokuja nayo. Wenzangu wa chumbani waliuliza ni ramani ya nchi gani. Nikawaambia ni ya kwetu. Pale kwenye kidole gumba hata kabla hujaeleza nilishasikia anavyocheka.

Magoli ni mawili. Moja kwa kichwa, moja kwa mguu wa kushoto, na mguu wangu wa kushoto unaujua, ni wa kutembelea tu. Mwambie Mzee Raphaeli nyasi ni kweli zimelala, ila watu hawajalala. Huku ukipokea mpira unapewa pumzi moja. Ukitaka ya pili, umeshanyang'anywa. Hapo nyumbani nilikuwa nikisikia "Fimbo! Fimbo!" mguu unakwenda wenyewe. Huku wanapuliza mabaragumu, sijui wananisifu au wananifukuza.

Ishirini ni mengi, Germana. Usiwaambie nimesema hivyo.

Ndalahwa


Tunduma,
26 Novemba 2000

Baba Shani,

Hongera, hongera sana! Saba!

Kefa alifika Alhamisi. Hata hajazima lori vizuri wakamvuta mpaka kwenye kiti cha Mzee Raphaeli mwenyewe. Chai ya maziwa, chapati mbili, supu. "Ngapi?" Akawaacha wamngoje, akapuliza chai, akanywa. "Saba." Sijui nikuelezee nini. Benchi moja limevunjika. Mzee alifuta mawili akaandika saba kubwa kama mtu mzima aliyesimama.

Nami siku hizi nimekuwa mtu. Bombani wananipisha, "Mpeni nafasi mke wa Fimbo, ana mtoto wa nchi tumboni." Wazambia wa Nakonde wananiita bamayo ba striker, mama wa mfunga magoli. Yule mama wa nyanya mwenye ulimi mkali ananichagulia zisizopondeka. Naona haya, lakini sikufichi, napenda kidogo. Mtu akichoka namna hii, hata kupishwa bombani ni mapumziko.

Nakuuliza tu jambo moja. Wewe uliandika mawili, na mwezi mmoja ndio umepita. Hayo matano umeyapata wapi? Au umeanza kupewa pumzi mbili?

Shani alipata homa wiki iliyopita, tukampa dawa, ikaondoka. Ana maneno matatu sasa: mama, maji, na "goo". Watu wa mgahawani wakishangilia anainua mikono yote miwili juu. Baba bado hajasema. Nikimwonyesha jezi yako ukutani anasema "goo", basi nafikiri ndiwe huyo.

Krismasi utakuja? Baba yako ameulizia kutoka Chitete. Anasema ng'ombe wamenenepa na hakuna wa kumtazama akiwasifu.

Mama Shani


Johannesburg,
20 Desemba 2000

Mama Shani,

Krismasi sitakuja. Ratiba imebana.

Kuhusu magoli, usibishane nao. Wakifurahi, waache wafurahi. Timu inanitunza vizuri. Goti la kulia linauma kidogo siku za mvua, ni jambo dogo, usiwaambie watu.

Nimehama kile chumba. Barua zisipelekwe tena geti la mazoezi, Kefa anajua pa kunipata.

Viatu sijanunua, nisamehe. Sasa naogopa kile kipimo kimekuwa kidogo, maana watoto hawamngojei mtu. Mpime tena unitumie. Nikiona mguu umekua nitajua na mimi kuna kitu nimefanya mwaka huu.

Mshike kichwani kwa niaba yangu.

Ndalahwa


Tunduma,
18 Februari 2001

Baba Shani,

Nisamehe nimechelewa. Barua yako ya Desemba ilinikuta na shughuli.

Hatujambo hapa. Baba yako na mama walikuja kutoka Chitete wakakaa wiki nzima, wamesharudi. Mvua ni nyingi mwaka huu, udongo umelainika. Mgeni anapiga mateke.

Ubao umefika kumi na manne.

Shani hanisumbui. Kipimo ulichoomba kimo humu ndani. Mguu umekuwa mkubwa, tena umepanuka. Safari hii mstari umenyooka, hakucheka.

Mzee Raphaeli yuko mlangoni anasubiri barua, Kefa anavuka leo. Amesema niandike mambo ya furaha. Nimeandika.

Germana


KAMATI YA WAPENZI WA FIMBO
Mgahawani, Tunduma
18 Februari 2001

Kwako Ndugu Ndalahwa,

YAH: MABAO SITA YALIYOBAKI

Kwa heshima kubwa, Kamati iliyokaa chini ya uenyekiti wangu imepitia mwenendo wako na imeridhika. Mabao kumi na manne si mchezo. Umebakiwa na sita. Kamati haikulazimishi, inakukumbusha tu.

Matayarisho ya kukupokea mwezi Mei yameanza. Ngoma mbili zimewambwa ngozi mpya. Beberu amefungwa nyuma ya mgahawa, naye siku ya goli analishwa maganda ya ndizi ili ajue kinachoendelea. Madereva wa malori wa nchi tano wanalijua jina lako kwa sababu hawapati chai hapa bila kusikiliza habari zako kwanza.

Familia yako iko mikononi mwetu. Jambo lolote la nyumbani lisikutoe kwenye mchezo. Lolote litakalotokea tutalibeba sisi, na tumekwisha kubeba. Ukirudi tutakuwa na mazungumzo, tukiwa tumekaa.

Mwalimu Clement amejiuzulu kwenye Kamati kwa sababu zake binafsi. Usimjali.

Funga, mwanangu. Hapa hatuna kingine.

Raphaeli,
Mwenyekiti


Johannesburg,
8 Aprili 2001

Mama Shani,

Kefa kaniambia ni mwanamume na kwamba wewe ni mzima. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi ya lori lake. Asante, mke wangu. Asante. Jina nalitafuta. Sitaki kutoa jina ovyo kama mtu anayetupa jiwe. Nipe muda kidogo, nataka siku ya kulituma niwe ninastahili kuitwa mtoa jina.

Humu kuna viatu vya Shani. Vyekundu, vina kifungo pembeni, soli yake haipindi. Vimefuata kipimo chako kipya sawasawa. Nilipofungua ile karatasi nilicheka peke yangu. Mguu ule, Germana! Mpana mbele, mwembamba nyuma, ni wa baba yangu kabisa, mguu wa mtu wa kufuata ng'ombe. Nimeubandika kando ya ule wa kwanza. Jioni naitazama yote miwili na kusema, ametoka hapa, amefika hapa.

Nikuambie kitu, ingawa si chote. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa nimefunga mfuko nirudi nyumbani. Nimefunga kabisa, hadi sabuni. Ndipo Kefa akafika na barua yako, na mguu, na barua ya Mzee. Nikasema: mtoto anakua hivi, watu wanangoja hivi, nawarudia na nini mkononi? Nikafungua mfuko. Ni mguu ule ulionibakiza.

Mvishe Jumapili aende navyo kanisani.

Ndalahwa


Tunduma,
3 Juni 2001

Baba Shani,

Nimechelewa tena, na safari hii msamaha ninaouomba si wa kuchelewa tu.

Barua hii sikumpa Kefa. Amekuja nayo Anastazia, yule anayefuata nguo huko Johannesburg kuja kuuza hapa, na nimemwambia asiitoe kwenye mkoba mpaka umekaa. Kwenu habari ya namna hii haiandikwi. Inapelekwa kwa mdomo, na anayepelekewa anakalishwa kwanza, ashikwe. Baba yako alinikumbusha hivyo, nami nikatii miezi mitano. Sasa nimeona kimya kimekuwa kibaya kuliko karatasi. Kama umesimama, kaa. Mpe Anastazia mkono wako, leo ni dada yako.

Shani hayupo. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Januari.

Homa ilirudi Jumatano. Nilimpa dawa ileile, nikamfuta na maji. Asubuhi akapata degedege mikononi mwangu. Nilikimbia naye mgahawani kwa kuwa Mzee Raphaeli ndiye mwenye pikapu, na Mzee hakuuliza neno, aliacha chungu cha supu motoni. Barabara ilikuwa imejaa malori kama kawaida, akapita pembeni kwenye tope huku anapiga honi na anaomba kwa sauti. Tulikuwa hatujafika hospitali ya Vwawa. Alifungua macho akanitazama, akainua mkono mmoja, mmoja tu, kisha akawa mzito. Nilijua. Mzee aliendelea kuendesha, sikumwambia mpaka tulipofika, kwa sababu alikuwa bado anaomba.

Watu wako walimzika vizuri. Sitaki nikunyime hilo. Walichimba wenyewe kwenye mvua, walivaa jezi zako wote kwa kuwa hawakujua wavae nini kingine kwa heshima yako. Mwili wake ulikuwa mwepesi, Mzee Raphaeli aliubeba peke yake na alilia kama mwanamke. Siku ya kuondoa tanga akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, kijana ana magoli kumi na moja. Tukimwambia leo, mguu unakufa. Ligi inaisha Mei. Tubebe sisi mpaka Mei." Mwalimu Clement akasema, "Mzee, huyu ni mtoto wake, si wa kamati," akatoka. Baba yako akasema mila haiandiki msiba, tungoje aje akalishwe. Wakanitazama mimi. Nilikuwa na tumbo la miezi saba na maziwa yalikuwa hayajajua kwamba mtoto hayupo. Nikasema sawa. Ni mimi niliyesema sawa. Hilo ni langu.

Kisha ukaomba kipimo. Kefa alikuwa amewasha lori. Nilichukua karatasi nikaenda kwa jirani, kwa Violet, nikamwomba mtoto wake Happy, wanalingana umri na Shani. Violet alimshikilia huku amegeuza uso. Mguu unaousifu, wenye upana wa baba yako, ni wa Happy wa Violet. Mtoto alisimama kimya kabisa nikachora.

Ulipoandika kwamba mguu ule ndio uliokubakiza huko, niliisoma barua hiyo nikaiweka chini ya godoro, sikuweza kuisoma mara ya pili.

Sasa la kwako.

Wiki mbili zilizopita Anastazia alirudi. Hakupita mgahawani, alikuja kwangu moja kwa moja, akafunga mlango. "Shoga, nimemwona shemeji. Yuko sokoni anabeba masanduku ya nyanya. Anachechemea. Nilimwita Fimbo, akageuka haraka akaniambia nisiliite hilo jina hapa." Akaniambia ulivyomwambia: goti lilivunjika mwezi wa kumi na moja, na kabla ya Krismasi timu ikakuonyesha mlango. Magoli ni mawili. Yaliishia kuwa mawili.

Nilikaa na hilo siku tatu. Jumapili, watu wametoka kanisani, mgahawa umejaa, nikambeba mtoto nikaenda. Ubao ulikuwa na kumi na tisa. Beberu nje anapiga kelele. Kefa yuko kwenye kiti chake, chapati mkononi.

Nikamuuliza, "Kefa, lile goli la kumi na tisa alifunga kwa mguu upi?"

"Wa kulia, Mama Shani. Shuti hilo! Kipa mwenyewe alipiga makofi."

"Mguu wa kulia ndio wenye goti lililovunjika. Tangu Desemba anabeba nyanya sokoni, na wewe ndiye unayempelekea barua hapo hapo sokoni."

Kefa akaweka chapati chini taratibu. "Mama, mimi nafika kule nashusha mzigo nageuza. Mpira nauonea wapi? Mara ya kwanza niliwaambia kweli, mawili. Wakanuna, hata chai sikuletewa. Niliporudi nikasema saba, wakanibeba juu. Fimbo mwenyewe akaniomba, usiwaambie. Nyinyi huku mkaniomba, usimwambie. Watu ishirini wakikutolea macho, ngapi, ngapi, wewe utasema sijui?"

Ndiyo hivyo, Baba Shani. Yule mtu alikuwa amepakia siri mbili kwenye lori moja, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na forodha zote hakuna iliyomwambia afungue turubai.

Mzee Raphaeli aliutazama ubao kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tulimficha mtu ambaye hachezi?" "Ningemleta mimi mwenyewe," akasema. "Ningeenda kumchukua kwa pikapu." Akakaa kwenye lile benchi bovu.

Nilichukua kitambaa cha kufutia meza. Nikafuta kumi na tisa. Nikafuta ishirini na duara lake. Nikaandika 2, na chini yake nikaandika SHANI, 11 JANUARI. Mwalimu Clement, ambaye alikuwa hajakanyaga hapo tangu msiba, alikuwa amesimama mlangoni, akavua kofia. Wengine wakavua. Mpaka leo maandishi yapo, wanakunywa chai chini yake. Beberu wamemfungua.

Sasa nisikilize, maana nimechoka na sitasema mara mbili. Ungeniambia Desemba kwamba huchezi, ningesema rudi, na Januari ungekuwa hapa, labda ungempeleka mapema kuliko mimi, labda vilevile angekufa, lakini angekufa umemshika. Mimi ningekuambia Januari, ungekuja Februari, na mtoto huyu ungemkuta anazaliwa. Hilo tuligawane kama muhogo, kipande changu na kipande chako. Usichukue lote, na usiniachie lote.

Watu walikuwa na ishirini yao. Mimi sikuwahi kuwa na ishirini, nenda kasome barua yangu ya kwanza. Nilisema ule ushibe na usilale na nguo za jasho. Kumbe uliogopa kurudi mikono mitupu kwangu mimi?

Viatu vilifika. Nilimvisha Happy, vikamkaa sawasawa. Nikamvua nikavifunga kwenye kanga. Mtoto akalia kwa kuwa alikwisha kuviona ni vyake. Siku ya pili nikampelekea. Viatu havina kosa lolote.

Mtoto wetu ana miezi miwili na nusu na hana jina. Watu wanamwita Mgeni. Ananyonya vizuri, analala na ngumi zimefungwa.

Ninavyohitaji uniletee au unitumie ni hivi, na usiongeze kingine.

Blanketi zito la mtoto. Baridi ya Tunduma ya mwezi huu unaijua.

Jina lake. Usingoje kustahili. Ukiandika kwenye kipande cha boksi la nyanya, kinatosha.

Siku utakayofika Nakonde. Niambie mimi tu. Nitakuja getini mwenyewe, hakutakuwa na ngoma. Ukiwa unachechemea, njoo unachechemea.

Picha ya Shani. Ndiyo pekee iliyopo, mpiga picha alihamia Mpika na nega zake za filamu. Nitaitoa nakala, ya kwako nitakurudishia.

Na karatasi ya mguu. Ile pana iache ukutani au mpe mtu. Nataka ile ya mwezi wa tisa, yenye mstari uliokwenda kombo kwenye kidole gumba. Ibandue polepole, isichanike. Iweke katikati ya makaratasi magumu mawili, umpe Anastazia mkononi mwake, umwone anaitia ndani ya mkoba. Usiikunje.

Mama Shani